Polisi wamemsachi mwanangu njiani na kumwaga mkoba wake. Sheria inawaruhusu?

Mama Kinyozi, Mombasa

Assalaam aleikum. Wakubwa shikamooni, na wengine hamjambo. Nina jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi, na humu najua kuna watu wanaoijua sheria.

Mwanangu ana miaka 19, ni kinyozi. Ana kiti chake katika kibanda cha mtu huku kwetu, ng'ambo ya daraja la Nyali. Jioni akifunga haachi vyombo vyake pale, kwa sababu mlango ni wa mabati na kufuli imechoka. Hubeba mkobani mashine mbili za kunyolea, vichana, brashi ya kufutia shingo, chupa ya spiriti, makasi, pakiti ya nyembe na taulo.

Alhamisi saa tatu kasorobo usiku alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu. Gari la polisi likasimama. Walishuka wanne, wawili wamevaa sare na wawili askari kanzu. Hawakumuuliza jina wala atokako. Aliambiwa aweke mikono ukutani, wakampapasa, wakamtoa mifuko yote nje, kisha mkoba wakaugeuza juu chini, kila kitu kikamwagika barabarani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mashine moja, ile aliyoilipia kidogo kidogo hadi akaimaliza mwezi wa Ramadhani, iliangukia meno. Ninayo mkononi ninapoandika. Meno matatu ya pembeni yamekatika na kifuniko cha nyuma kimeachana. Ukiiwasha yanguruma lakini haikati.

Wakamuuliza nyembe ni za nini, yeye ni wa wale vijana wa mapanga? Akawaambia, mimi ni kinyozi, fungueni hiyo taulo muone, nywele za mteja wa mwisho zimo humo. Hawakuifungua. Wakamwambia atoe simu na aifungue. Wakatazama picha zake, wakasoma WhatsApp, wakaangalia hata salio la M-Pesa. Kisha wakampandisha garini. Mlikuwa na vijana wengine wawili ndani, wote wakazungushwa mitaani hadi saa saba usiku. Hakuandikwa popote. Mimi nikapigiwa simu kwa namba ya mwanangu mwenyewe, nikaambiwa nije na elfu tano. Nilikuwa na mia sita. Jirani akanikopesha nikafikisha elfu tatu, wakamtoa.

Askari mmoja alimwambia mwanangu, "Kama wewe ni msafi waogopa nini kusachiwa?" Neno hilo limemkaa. Tangu siku ile anapita njia ya uchochoroni ambako hakuna taa, mimi ndiyo naogopa zaidi. Naomba kuelezwa: polisi anaweza kumpekua mtu njiani bila karatasi ya mahakama? Na simu je? Na lau wangepata kitu, ingekuwa ni halali kwa sababu wamekipata?

Duka la Kona

Mama pole, na mwanao pole. Lakini wacha niseme la upande wangu. Mimi mwaka juzi nilivamiwa dukani saa mbili usiku na vijana saba, mdogo wao hakuzidi miaka 15. Mkono wangu wa kushoto una mishono 14 na vidole viwili havikunjiki mpaka leo, hata kuhesabu sarafu nahesabu kwa mkono mmoja. Vijana hao walikuja wametembea barabarani kama watu wengine, mapanga wameyatia kwenye mikoba ya shule. Lau polisi angewasimamisha na kufungua mkoba mmoja tu, leo ningekuwa na mkono wangu. Sitetei kuchukua pesa wala kuharibu chombo cha mtu. Lakini tukiwafunga polisi mikono tutalia wenyewe.

Sajenti Mstaafu

Mama Kinyozi, pole sana. Nilivaa sare ya polisi kuanzia 1986 hadi 2015, nyingi ya miaka hiyo nikiwa doria ya mitaani, kwa hiyo swali lako ni la kazi niliyoifanya kwa mikono yangu.

Nianze na karatasi. Hati ya upekuzi kutoka kwa hakimu, ile ya kifungu cha 118 cha Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, huombwa ili kupekua mahali, kama nyumba, duka, chombo cha usafiri. Kwa mtu aliye njiani polisi anaweza kumpekua bila hati, lakini si kila mtu na si wakati wowote. Kifungu cha 26 kinampa ruhusa ya kumsimamisha na kumpekua mtu ambaye kuna sababu ya msingi ya kumshuku kwamba amebeba kitu cha wizi au kilichopatikana isivyo halali. Kifungu cha 25 kinaruhusu kumpekua mtu ambaye tayari amekamatwa. Na ili umkamate bila hati, kifungu cha 29 kinataka uwe na sababu za msingi za kumshuku kuwa ametenda kosa. Kipo hapo pia kipengele cha mtu anayekutwa barabarani usiku, na hicho ndicho askari wengi hukishika. Lakini kipengele hicho nacho kinasema awe anashukiwa kwa sababu za msingi kwamba ametenda au anakaribia kutenda kosa kubwa. Askari husoma neno "usiku" akaliruka neno "sababu".

Na juu ya yote hayo ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 31 kinasema kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutopekuliwa yeye mwenyewe, nyumba yake au mali yake. Kwa hiyo polisi anayepekua ndiye anayetakiwa kuwa na maelezo, siyo anayepekuliwa. Yule askari aliyemwambia mwanao "kama msafi waogopa nini" ameigeuza sheria miguu juu.

Sasa sababu ya msingi ni nini? Nitakupa mbili zangu.

Usiku mmoja, yapata saa nane, tulikuwa doria nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Akatokea mtu kichochoroni amebeba gunia begani. Tukamsalimu, tukamuuliza amebeba nini. Akasema mahindi. Lakini alipolihamisha begani, gunia lililia kama chuma. Hapo nilikuwa na saa, mahali, jibu, na sauti isiyolingana na jibu. Tukalifungua, zilikuwa koki za maji na bawaba mpya zikiwa na karatasi zake. Kizimbani nilieleza hivyo hivyo kwa mpangilio, na hapakuwa na ubishi.

Ya pili inaniuma. Mwaka 2012 nilimsimamisha kijana stendi ya matatu kwa sababu ya nywele zake tu. Alikuwa na rasta ndefu, amesimama peke yake anakula mahindi ya kuchoma. Nikatia mkono mfukoni mwake nikatoa misokoto minne ya bangi. Nilirudi kituoni nimefurahi. Kesi ilipofika, hakimu, mama mmoja mtaratibu sana, akaniuliza: "Kabla mkono wako haujaingia mfukoni, uliona nini?" Nikasema nilimshuku. Akarudia swali lile lile, uliona nini. Sikuwa na kitu cha kumwambia isipokuwa nywele. Yule kijana akaachiliwa. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utakataliwa, iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji wa haki kwa jumla. Si kila ushahidi hukataliwa, mahakimu hupima. Siku ile ulikataliwa, na kwa kosa langu.

Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote. Sababu huwa kabla ya upekuzi. Kilichopatikana mkobani hakirudi nyuma kikawa sababu ya kuufungua mkoba. Lau walimwona anachungulia madirisha ya watu, au mtu ametoa maelezo dakika kumi nyuma kwamba kijana mwenye mkoba wa rangi kama hiyo amekwapua simu, hapo wangekuwa na la kushika. Hebu niulize: walimtajia kisa chochote kilichokuwa kimeripotiwa usiku ule?

Kuhusu nyembe: kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ndicho hutumika kwa mtu anayekutwa na silaha, lakini kinadai mazingira yanayoonyesha kwamba alijiandaa kutenda uhalifu. Nyembe zikiwa ndani ya pakiti, pamoja na mashine, brashi na taulo yenye nywele, mazingira yake ni ya kinyozi. Ndiyo maana walipaswa kuifungua ile taulo. Sababu ya kumshuku mtu yaweza kuondoka papo hapo akitoa jibu linaloonekana kwa macho, na askari wa kweli huipokea hiyo kwa uzito ule ule.

Mama Kinyozi, Mombasa

Mzee wangu ahsante, nimemsomea mwanangu kwa sauti. Hakutajiwa kisa chochote. Anasema maneno waliyomwambia ni "mnatembea kama wezi". Alikuwa peke yake, sijui hao "mna" ni nani.

Mlikoni wa Columbus

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Likoni, niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Anayoyasema mzee kuhusu "uliona nini" huku yana kesi yake, na ilianzia jimbo hili hili, mjini Cleveland, Oktoba 1963. Mpelelezi mmoja, Martin McFadden, aliwaona wanaume wawili wakipokezana kupita mbele ya dirisha la duka, mmoja anachungulia anarudi kwa mwenziwe wanateta, kisha mwingine naye anakwenda. Walifanya hivyo kama mara kumi na mbili kwa jumla. Akashuku wanapanga kuvamia. Akawaendea, akajitambulisha kuwa ni polisi, akawauliza majina. Walipojibu kwa kunong'ona akampapasa mmoja juu ya koti akahisi bastola.

Kesi hiyo, Terry v. Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua 1968. Walisema kumkamata mtu kwataka sababu nzito ya kuamini kwamba ametenda kosa. Kumsimamisha kwa muda mfupi kwaweza kutosha shaka iliyo pungufu ya hapo, lakini polisi aweze kuitaja kwa mambo mahususi aliyoyaona, si hisia tu. Na kumpapasa ni kwa nje ya nguo, kutafuta silaha, pale anapoogopa kwamba mtu ana silaha. Haimpi ruhusa ya kuchokora kila mfuko.

Mimi mwenyewe nimesimamishwa huku mara mbili, kwa hiyo sisemi kwamba Marekani ni peponi. Polisi wa New York mwaka 2011 pekee walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000, karibu mara tisa katika kila kumi aliyesimamishwa hakukutwa na kosa, na walio wengi walikuwa weusi na Walatino. Mwaka 2013 jaji Shira Scheindlin akaamua kwamba namna walivyokuwa wakiifanya kazi ile ilivunja Katiba. Ndugu yangu wa Duka la Kona, naomba uitazame hesabu hiyo. Watu hawakusimamishwa mara laki sita kwa sababu waliwahi kumkata mtu panga.

Simu huku ni marufuku kuifungua bila hati, hata kama mtu amekamatwa. Uamuzi ulitoka 2014, kesi ya Riley, na majaji wote tisa walikubaliana.

Msaidizi wa Sheria, Pwani

Kwa simu, Kenya nayo haiko nyuma. Kifungu kile kile cha 31 kinalinda faragha ya mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao ya 2018, kifungu cha 48, inamtaka afisa anayetafuta data iliyohifadhiwa kwenye chombo aende mahakamani kuomba hati. Kijana akiambiwa "fungua simu" njiani, ana haki ya kusema kwa adabu kwamba hakubali. Najua haki iliyo kwenye karatasi si sawa na kuwa ukutani na watu wanne nyuma yako. Akilazimishwa asipigane. Aseme mara moja kwa sauti, "sikubali," ili baadaye isidaiwe kwamba alitoa kwa hiari yake.

Mama, kwa mwanao naona mambo zaidi ya upekuzi. Alikuwa amekamatwa, hata kama hawakulitamka neno hilo, kwa sababu hakuwa huru kushuka garini. Kifungu cha 49 cha Katiba kilitaka aambiwe papo hapo sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili au mtu wa kumsaidia, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Kuzungushwa mitaani bila kuandikwa kwenye kitabu cha matukio, ile OB, maana yake ni kwamba kwa saa nne mwanao hakuwa popote kwa mujibu wa serikali. Hilo mimi hunitisha kuliko mashine iliyovunjika. Na dhamana ya polisi hailipiwi. Ikiwa ni ya pesa taslimu, lazima itoke na risiti.

Fanyeni hivi. Leo, kabla hajasahau, mwanao aandike kwa mkono wake saa, mahali, gari la rangi gani na namba yoyote anayoikumbuka, maneno aliyoambiwa, na sura. Wenye sare wanatakiwa na sheria yao wavae jina au namba ya utumishi mahali panapoonekana; kama hawakuwa nayo, aliandike hilo pia. Namba iliyokupigia ilikuwa yake, basi piga picha ya orodha ya simu zilizoingia, saa na dakika ionekane. Picha ya mashine, na stakabadhi ya aliyekuuzia ikiwa ipo. Wale vijana wawili wa garini, akiwajua, awaombe nao waandike. Kisha nendeni IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wana ofisi hapa Mombasa, na kuwasilisha malalamiko hakulipiwi.

Jambo moja la tahadhari. Zile elfu tatu. Sheria ya Hongo ya 2016 inamgusa anayetoa na anayepokea. Wewe ulitoa mtoto wako akiwa ameshikwa usiku wa manane, na hilo lina uzito wake, lakini usiliandike kwenye maelezo rasmi kabla hujakaa na wakili. Nimekutumia ujumbe wa faragha, tutapata anayejitolea.

Bint Tanga

Huku kwetu Tanzania sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka polisi akichukua kitu chako atoe stakabadhi, yenye saini ya mwenye mali na mashahidi. Mahakama ya Rufani imewahi kuutupa ushahidi kwa sababu karatasi hiyo haikuwepo. Nakumbuka pia Mahakama ya Afrika, iliyo Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba zile sheria za kumkamata mtu kwa "uzururaji" hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kijana maskini kutembea usiku si kosa. Mama, pole sana dada yangu, nina wa kwangu wa miaka 20, nimesoma haya tumbo likiniuma.

Sajenti Mstaafu

Ndugu yangu wa Duka la Kona, sijakusahau. Mkono wako ni hasara ambayo mimi na wenzangu tulilipwa mshahara kuizuia. Nimewaona vijana wale, na nimemfunika mtu khanga waliyemkata akafa.

Ila fikiria usiku ule wa Alhamisi kwa macho ya doria. Askari wanne na gari moja, kwa saa nne, walikuwa na vijana watatu garini wanawazungusha. Kwa saa hizo nne mtaa wako ulikuwa hauna polisi. Panga halisi lilipita wapi? Tulipofaulu kuwakamata vijana wa aina hiyo, tulifaulu kwa sababu mama muuza maandazi alituambia wanakutania nyuma ya jengo lipi ambalo halijaisha, na mikoba imefichwa kwenye tangi bovu. Tulikwenda tukaikuta. Mama yule alituambia kwa kuwa wiki moja nyuma askari wetu mmoja alimrudishia mwanawe begi alilolisahau kwenye matatu, likiwa halijaguswa. Leo hii mwanawe Mama Kinyozi akiona mapanga yamefichwa, atakwenda kumwambia nani?

Duka la Kona

Mzee nimekusikia. Mama, mimi nina namba ya fundi wa mashine za kunyolea pale Mwembe Tayari, hubadilisha meno. Mwambie ametumwa na mwenye mkono, atanijua.

Mama Kinyozi, Mombasa

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Jana usiku mwanangu ameandika kurasa tatu kwa mkono wake. Nilidhani nayajua yote, kumbe kuna aliyokuwa hajaniambia. Alikumbuka namba tatu za mwisho za gari. Alikumbuka pia kwamba askari mmoja, kijana kama yeye, aliinama kwenye maji akaokota vichana vyote kimoja kimoja akamrudishia mkobani bila kusema neno. Nilimwambia aliandike na hilo, kwa sababu ni kweli.

Kijana mmoja katika wale wawili amepatikana, mamake amekubali. Kesho saa mbili asubuhi twaenda pamoja na yule msaidizi wa sheria. Fundi nitamtafuta baadaye, mashine haitengenezwi kwanza. Nimeifunga kwenye ile taulo, nywele zake zikiwa humo humo.